Nimeziba kumbukumbu inayovuja kwenye draiva, sasa mashine inazimika kila jioni: nimekosea wapi?

Swali: Shikamoo mwalimu. Nipo Morogoro, nahudumia mtandao mdogo wa wateja kama 60. Ruta yetu ni kompyuta ndogo yenye Linux, na kadi yake ya mtandao inatumia draiva (programu inayoiendesha kadi) tuliyopewa na mtengenezaji, haimo kwenye kerneli rasmi, yaani kiini cha Linux. Kumbukumbu ilikuwa inapungua siku hadi siku, na siku za mvua inapungua haraka zaidi. Baada ya siku tano au sita lazima tuizime na kuiwasha upya. Nikaufungua msimbo, nikaona fanksheni ya kutuma ina njia tatu za makosa ambazo zinatoka bila kuachia pakiti. Nikaweka dev_kfree_skb_any kwenye zote tatu. Sasa mashine haifiki hata siku tano: inazimika kila jioni watu wakisharudi nyumbani, na kila mara ujumbe wa ajali unataja mahali tofauti, leo TCP, kesho daraja la mtandao. Na kumbukumbu bado inapungua! Nimekutumia msimbo wote. Nimekosea wapi?

Jibu: Marahaba, ndugu yangu. Nimeusoma msimbo wako. Kati ya njia zako tatu, moja umeipatia. Mbili umezikosea, na ndizo zinazokuua jioni. Ule uvujaji wenyewe uliokuwa ukiutafuta haumo kabisa kwenye fanksheni hiyo. Mvua ilikuonyesha ulipo, nawe ukapita. Tutaufikia, lakini kwanza tuzime moto ulioko jikoni.

Hiki ndicho kipande chako, nimekifupisha:

```c
if (pete_imejaa(p)) {
        netif_stop_queue(dev);
        dev_kfree_skb_any(skb); /* 1: umeongeza */
        return NETDEV_TX_BUSY;
}
if (skb_put_padto(skb, ETH_ZLEN)) {
        dev_kfree_skb_any(skb); /* 2: umeongeza */
        return NETDEV_TX_OK;
}
addr = dma_map_single(p->dev, skb->data, skb->len, DMA_TO_DEVICE);
if (dma_mapping_error(p->dev, addr)) {
        dev_kfree_skb_any(skb); /* 3: umeongeza */
        return NETDEV_TX_OK;
}
p->tx_skb[i] = skb;
jaza_deskripta(p, i, addr, skb->len);
piga_kengele(p);
dev->stats.tx_bytes += skb->len;       /* 4: ilikuwepo */
return NETDEV_TX_OK;
```

Ulichofanya ni kutafuta kila `return` isiyo na kuachia, ukaiwekea. Ndivyo wengi wanavyoanza, na mimi nilianza hivyo hivyo. Lakini pakiti kwenye kerneli haihesabiwi kwa idadi ya `return`. Ni amana. Kila sekunde ina mwenye dhamana mmoja, na swali la kujiuliza kwenye kila mstari ni moja: sasa hivi imo mikononi mwa nani?

Kerneli inapoiita fanksheni yako ya kutuma, inakuletea amana hiyo mlangoni. Una majibu mawili. Ukirudisha NETDEV_TX_OK umesema: nimeipokea, kuanzia sasa mzigo ni wangu, hata kama nitaitupa. Ukirudisha NETDEV_TX_BUSY umesema: sikuipokea, ondoka nayo. Kwa jibu la pili huna ruhusa hata ya kuikuna.

Sasa tazama namba 1. Umeichoma pakiti, kisha ukamgeukia mwenyewe ukamwambia, sina nafasi, shika mali yako. Foleni ya kerneli inaichukua pointa ile ile (anwani ya pakiti kwenye kumbukumbu), inairudisha mstarini, na baada ya kitambo inaileta tena. Kipande kile cha kumbukumbu kimeshagawiwa kazi nyingine: labda ni pakiti mpya inayopanda kwenda TCP, labda ni kitu cha daraja la mtandao. Kwa hiyo anayeanguka ni TCP au daraja, wakati aliyeua ni wewe. Ndiyo maana ujumbe wa ajali unabadilika kila siku. Na kwa nini jioni? Kwa sababu pete ya kutuma, yaani orodha ya nafasi ambako pakiti huisubiri kadi, hujaa watu wakiwa wengi. Mchana njia hiyo haipitiwi, draiva inaonekana nzima.

Futa mstari huo. Na ukiwa hapo, rekebisha jambo moja zaidi: NETDEV_TX_BUSY haitakiwi kuwa jibu la kila siku. Draiva nzuri husimamisha foleni kabla pete haijajaa. Mara tu baada ya kuweka pakiti, hesabu nafasi zilizobaki. Kama hazitoshi pakiti moja kubwa zaidi, ita netif_stop_queue, weka kizuizi cha kumbukumbu (amri inayomzuia prosesa asipindue mpangilio wa kusoma na kuandika), kisha uangalie tena, maana kadi inaweza kuwa imemaliza kutuma katikati ya hatua hizo mbili. Ukikuta nafasi imepatikana, amsha foleni mwenyewe. Usipoangalia mara ya pili, siku moja foleni italala na asitokee wa kuiamsha.

Namba 2 ina hila zaidi, na sikulaumu. Fremu ya Ethernet haiwezi kuwa chini ya baiti 60 bila kuhesabu zile 4 za ukaguzi mwishoni. Pakiti ya ARP (ya kutafutia anwani ya kadi mtandaoni) ni baiti 28, ukiongeza kichwa cha baiti 14 unapata 42. Zinapungua 18, na lazima zijazwe na kitu. Zamani draiva nyingi zilimwambia tu kadi "tuma 60", na kadi ikazoa chochote kilicholala baada ya pakiti: vipande vya pakiti za watu wengine, vipande vya kumbukumbu ya kerneli. Januari 2003 kampuni ya ulinzi iitwayo @stake ilitangaza jambo hilo kwa jina la EtherLeak, likaandikishwa kwenye orodha ya kasoro za usalama kama CVE-2003-0001, na draiva za mifumo mingi zikakutwa nalo. Kwa hiyo anayesema kasoro za kumbukumbu ni za kuangusha mashine tu amesahau hii. Hapa hakuna kilichoanguka, siri zilikuwa zinatoka kimyakimya mlangoni kwa baiti 18.

Dawa kwenye Linux ilikuwa skb_padto, na ndugu yake wa baadaye skb_put_padto, zinazojaza sifuri. Hila yake ni hii: zikishindwa kupata nafasi ya kujazia, zinaiachia pakiti zenyewe kabla ya kurudisha kosa. Maelezo yake yanasema hivyo, lakini nani husoma maelezo ya fanksheni yenye jina la kueleweka? Kwa hiyo mtengenezaji alikuwa sahihi kuondoka bila kuachia, na wewe ukaiachia mara ya pili. Kuachia mara mbili ni kubaya kuliko kuvuja. Kumbukumbu inayovuja inakuibia pole pole, iliyoachiwa mara mbili inaweza kugawiwa watu wawili kwa wakati mmoja, kila mmoja akiamini ni yake.

Ubaya mwingine ni kwamba njia hii hupitiwa tu kumbukumbu ikiwa imebana. Usingeiona kwenye majaribio hata ungekesha. Ifute pia, na uandike maoni hapo: "pakiti imeshaachiwa". Anayekuja baada yako atafikiri kama ulivyofikiri wewe.

(Wanaofanya kazi na BSD, jamaa ya mifumo mingine ya uendeshaji, wana mtego wa aina hii. m_pullup ikishindwa huachia mnyororo mzima wa mbuf, yaani bafa za pakiti za kule, na kurudisha NULL. Usipoiandika upya pointa yako, umebaki umeshika kaburi.)

Namba 3 umepatia. Hapo kerneli imeshindwa kuiandalia kadi njia ya DMA, yaani kadi kusoma kumbukumbu yenyewe bila prosesa. Kadi haijapewa chochote, umeshaipokea amana, umeshindwa kuitumia: iachie, ongeza tx_dropped (hesabu ya pakiti zilizotupwa), rudisha OK. Hata uchaguzi wa dev_kfree_skb_any ni mzuri, kwa sababu hujui kama uko ndani ya intarapti (kadi ikimkatiza prosesa kazi yake) au la, na fanksheni hiyo huamua yenyewe. Ila pakiti iliyotumwa salama iachie kwa dev_consume_skb_any, ili vyombo vinavyohesabu pakiti zilizotupwa visiidhanie imepotea.

Namba 4 hukuigusa, na ni kasoro kamili. Baada ya kupiga kengele, yaani kuiarifu kadi kwamba kuna pakiti, pakiti ni ya kadi. Kadi inaweza kuituma na kuleta intarapti kwenye kiini kingine cha prosesa kabla hujafika mstari unaofuata, na fanksheni ya kumalizia ikaiachia. Wewe bado unasoma `skb->len`. Soma urefu kabla ya kengele, uhifadhi kwenye kigezo chako, kisha utumie hicho. Afadhali zaidi, hesabu baiti wakati wa kumalizia, pakiti ikishatoka kweli. Kosa hili limerekebishwa kwenye draiva nyingi sana za Linux, nyingine zilizoandikwa na mafundi wa kampuni kubwa, kwa hiyo usimwone mtengenezaji wako ni mjinga kuliko wengine.

Sasa tuje kwenye mvua.

Ulipoandika kwamba siku za mvua kumbukumbu inapungua haraka, nilijua si njia za makosa za kutuma. Mvua haiongezi makosa ya DMA. Mvua inaingia kwenye kiungio cha RJ45 kule juu ya mnara, kiungo kinakatika na kurudi, kinakatika na kurudi. Nikaenda moja kwa moja kwenye fanksheni ya draiva inayoendeshwa kiungo kinaporudi. Ina mistari kumi na moja, na huu ndio mmoja wao:

```c
memset(p->tx_skb, 0, sizeof(p->tx_skb));
```

Pete yako ina nafasi 256. Kiungo kinapokatika, pakiti zilizokuwa zinasubiri kutumwa zimo mle, kila moja ni amana uliyokwisha kuipokea. Msimbo huu unafuta daftari la amana badala ya kuzirudisha. Pakiti ya baiti 1,500 pamoja na kichwa chake na ziada zake hula zaidi ya baiti 2,000. Pete ikiwa imejaa, kukatika mara moja kunameza zaidi ya nusu megabaiti. Kiunganishe kiungo kilicholowa, kinachokatika mara mia kwa siku, na kompyuta ndogo yenye kumbukumbu haba, halafu hesabu mwenyewe utafika siku ya ngapi.

Na si kumbukumbu tu inayopotea. Kila pakiti mle ilikuwa imefanyiwa dma_map_single, na haikufanyiwa dma_unmap_single. Kama mashine inalazimika kupitisha data kwenye bafa za kati za swiotlb, ambazo kwa kawaida ni megabaiti 64 kwa jumla, siku moja utaona ujumbe kwamba zimejaa, na kuanzia hapo njia yako namba 3 ndiyo itakayopitiwa kila wakati. Huenda ndiyo iliyokuvuta uitazame.

Marekebisho yanakwenda hivi: pita pete yote, na kila penye pakiti, kwanza dma_unmap_single, kisha iachie, kisha weka NULL. Mpangilio huo usiupindue. Lakini kabla hujaigusa pete, hakikisha kadi imeacha kusoma. Si kuiambia iache tu, bali kusubiri rejista yake ithibitishe kwamba DMA imesimama. Fundi anayeachia bafa wakati kadi bado inaisoma amejirudishia EtherLeak kwa mlango wa nyuma. Na upande wa kupokea ni hatari zaidi, kwa sababu kule kadi *inaandika*. Pakiti itakayofika kwa kuchelewa itaandikwa juu ya kumbukumbu ambayo sasa ni ya mwingine, na hakuna chombo cha programu kitakachoiona, maana prosesa haikuhusika.

Njia hiyo hiyo uifuate kwenye fanksheni ya kufunga kadi: simamisha foleni, napi_disable (kuzima utaratibu wa kupokea pakiti kwa mafungu), simamisha DMA, achia intarapti, ndipo usafishe pete. Kwenye kuondoa moduli, free_netdev iwe ya mwisho kabisa. Draiva yako inaita free_netdev kisha inasoma `p->regs` ili kuachia rejista. `p`, yaani data binafsi ya draiva, imo ndani ya kumbukumbu ile ile uliyoiachia mstari mmoja juu. Na kuna kazi ya nyuma inayoangalia kiungo kila sekunde, ambayo haisimamishwi popote. Weka cancel_delayed_work_sync kabla ya kuachia, la sivyo itaamka na kukuta nyumba imeshabomolewa.

Upande wa kupokea nimeupitia haraka. Uko sawa isipokuwa netdev_alloc_skb (ombi la bafa mpya) ikishindwa: draiva inapandisha pakiti ya zamani na kuacha nafasi tupu kwenye pete. Geuza utaratibu: omba bafa mpya kwanza, ukiikosa tupa pakiti iliyofika na urudishe bafa yake ile ile kwenye pete. Pakiti moja kupotea si kitu. Pete ikikauka, kadi haipokei tena.

Utajuaje kwamba umepona? Usingoje jioni. Jenga kerneli ya majaribio yenye KASAN, ambayo kwa kila baiti 8 hutenga baiti 1 ya kivuli na kukutajia papo hapo nani aliiachia kumbukumbu na nani anaigusa baada ya hapo. Itakula sehemu moja ya nane ya kumbukumbu na mashine itakuwa nzito, kwa hiyo ni ya mezani, si ya wateja. Washa na CONFIG_DMA_API_DEBUG, hii itakuorodheshea kila map isiyo na unmap. Kwa njia namba 2 tumia failslab, inayofanya maombi ya kumbukumbu yashindwe kwa makusudi. Kwa uvujaji kuna kmemleak: andika `scan` kwenye /sys/kernel/debug/kmemleak kisha usome faili hilo hilo. Ila tahadhari, kmemleak haifuatilii kurasa nzima za kumbukumbu, na data ya pakiti mara nyingi hukaa kwenye kurasa. Itakuonyesha kichwa cha pakiti tu, baiti 200 na ushei. Usiseme ni kidogo ukapuuza. Kila kichwa kina mwili wake uliofichika.

Kwenye mashine ya wateja, kama kerneli yako ni 5.12 au zaidi, washa KFENCE. Inachukua megabaiti 2 tu kwa mipangilio ya kawaida na hulinda sampuli chache kwa wakati, hivyo haitakamata kila kosa, lakini ikikaa wiki kadhaa ina bahati yake. Na ujumbe wa ajali uuchukue kwa waya wa serial. Mwanafunzi wangu mmoja alitumia netconsole kupeleka ujumbe wa ajali kupitia kadi ile ile yenye draiva mbovu, akakaa siku mbili akishangaa kwa nini hakuna kinachofika.

Neno moja kuhusu kushuku. Septemba 2008, kerneli 2.6.27 ikiwa bado kwenye majaribio, kadi za Intel zinazotumia draiva ya e1000e zilianza kufa: kumbukumbu ya kudumu ndani ya kadi, yenye mipangilio na anwani ya MAC, ilikutwa imeandikwa takataka. Vidole vyote vikaelekezwa kwa draiva. Mkosaji alikuja kuwa ftrace, chombo cha kufuatilia mwenendo wa kerneli. Kilikuwa kimehifadhi anwani za msimbo wa kuanzishia moduli, msimbo ule ukaachiwa, anwani zikagawiwa upya kwa kumbukumbu ya kadi, nacho kikarudi kuandika pale pale. Kerneli 2.6.27 ilitoka tarehe 9 Oktoba, na toleo la 2.6.27.1 likazima sehemu hiyo ya ftrace. Nakuambia hili kwa sababu wewe ulipotea kwa upande wa pili: ujumbe ulitaja TCP na daraja, na mkosaji alikuwa draiva. Mahali ajali inapotokea ni ushahidi, si hukumu. Na usijaribie kwenye kadi ambayo huna ya akiba.

Marekebisho yako yapange vipande vipande, kasoro moja kipande kimoja: BUSY peke yake, padto peke yake, kusafisha pete peke yake. Umpelekee mtengenezaji hivyo hivyo. Ukimtumia furushi moja la mistari 300 hatalisoma, na akilisoma atachukua lililo rahisi na kuacha lililo muhimu.

Kile kiungio cha RJ45 usikikaushe kwanza. Mezani chomoa na kuchomeka waya mara 50 huku trafiki inapita, na uangalie skbuff_head_cache (hesabu ya vichwa vya pakiti) kwenye /proc/slabinfo kabla na baada. Idadi ikirudi ilipoanza, weka draiva mpya kwenye ruta, ungoje mvua moja nzuri inyeshe. Kumbukumbu ikibaki palepale, ndipo upande mnarani na mkanda wako, ukakizibe kiungio.